Kisogo

Akupaye kisogo si mwenzio, wanasema.
Ndugu yangu Baudilio alinipa chake miaka tisa,
ukuta wa mabati kati ya ua wangu na wake,
kwa ajili ya farasi mmoja wa kijivu
niliyemuuza bila kumuuliza.

Sasa kimekatwa.
Kipande cha ngozi, upana wa kifungo cha koti,
chini ya nywele, juu ya kola,
pale jua la nyika lilipompiga
miaka arobaini akiwanyoa kondoo, ameinama.
Hapa Punta Arenas watu huogopa upepo;
jua letu ni la baridi, nani angedhani linauma?

Daktari ameshona nyuzi saba.
Muuguzi Yasna akamwambia: Mzee, mgongo hauna macho,
nani atakubadilishia plasta nyumbani?
Akanyamaza. Alinyamaza sana, Yasna aliniambia baadaye,
kisha akataja jina langu
kama mtu anayetema kokwa.

Siku mbili za kwanza ilikuwa marufuku kugusa, marufuku kulowesha.
Usiku wa pili akagonga dirisha langu saa sita,
fulana ina doa linalokua.
Nilifanya kama karatasi ilivyosema:
shashi safi, kiganja, kandamiza,
dakika kumi na tano kwa saa, usiinue kuchungulia.
Dakika kumi na tano!
Hatukuwahi kukaribiana hivyo tangu mazishi ya mama.
Mapigo ya moyo wake yalikuwa chini ya vidole vyangu,
na saa ya ukutani ikizitafuna dakika
kama kibogoyo anayekula mkate mkavu.
Damu ikakata.
"Mkono wako mzito," akasema.
Ndilo lililokuwa neno la kwanza.

Tangu hapo, kila siku saa moja jioni.
Nanawa hadi viwikoni, kama baba alivyotufundisha
kabla ya kumsaidia kondoo anayezaa kwa shida.
Maji yaliyochemka yakapoa, sabuni isiyo na manukato.
Plasta naibandua polepole, naifuata ngozi, siivuti.
Napangusa, sisugui.
Nakausha kwa kugusagusa tu,
kisha mafuta ya mgando kwa kijiti cha pamba
kidonda kisije kikakauka kikafanya gamba.
Jirani Eduvina alileta majani ya matiko,
ameyachemsha mwenyewe, dawa ya bibi zake.
Tulimshukuru sana. Nikayamwaga yangali ya moto,
na Baudilio akacheka, mshono ukamvuta,
akanitukana.

Siku ya sita pembeni pakawa pekundu.
Nilizungushia wekundu ule mstari wa kalamu,
kama Yasna alivyoelekeza: ukivuka, mlete;
ukiona usaha, ukiona homa, usingoje kupambazuke.
Sikulala. Nilivuka ua mara tatu na tochi,
nikampima joto kwa mgongo wa mkono
kama mtoto, naye akajifanya amelala.
Asubuhi wekundu ulikuwa ndani ya mstari,
umetulia.

Farasi hatumtaji.
Mara moja tu, plasta ikiwa nusu imebanduka,
aliuuliza ukuta ulio mbele yake:
"Walimla?"
Nikasema, "Sijui."
Najua.
Mkono wangu ulisita juu ya uzi wa nne
na nadhani kisogo chake kilisikia.

Juzi nyuzi zilitolewa.
Umebaki mstari wa waridi, mwembamba, umepinda kidogo.
Yasna akasema kofia pana, mwaka mzima, na jua lisipaone.
Akanipa mkono. Nimehitimu, alisema.
Nikazitupa shashi zilizobaki kwenye droo ya vijiko.

Jana saa moja nikasikia mtu akikohoa mlangoni.
Akaingia, akakigeuza kiti, akafungua kola.
"Panawasha," akasema. "Hebu tazama."
Hapakuwa na kitu cha kutazama.
Nikaenda kunawa mikono.